Mafundi wa polishi Arusha na Moshi, sufi isiwe pedi ya kwanza kushikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye magari wa Arusha na Moshi, na mafundi wenzangu wa polishi pia, kuhusu kitu kinachoonekana kidogo ila kinamaliza magari ya watu kila siku, nacho ni pedi, yaani ile inayofungwa mbele ya mashine ya kupigia polishi. Siku hizi ukitoka Kijenge mpaka Unga Limited, ukashuka Moshi ukapita Majengo na Pasua, kila kona kuna kawoshi na kila kawoshi ina kijana mwenye mashine, na mimi sina shida na hilo hata kidogo maana ni ajira na mimi mwenyewe nakula hapo hapo. Shida yangu ni moja tu. Gari yoyote ikiingia, nyeusi, nyeupe, iliyopakwa rangi gereji juzi au yenye rangi yake ya kiwandani, pedi inayoshikwa kwanza ni sufi, ile yenye manyoya marefu, kali kuliko zote. Alafu inapigwa gari nzima kuanzia boneti mpaka mlango wa nyuma na mteja anaambiwa bosi gari imerudi sifuri kilomita.

Ngoja nieleze kwa nini hili linaniuma. Gari yenye rangi ya kiwandani juu kabisa ina klia, lile tabaka lisilo na rangi, ndo hilo linalong'aa. Klia hiyo mara nyingi ina unene wa maikroni 40 mpaka 50 hivi, na maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani unafika kama maikroni 70, kwa hiyo klia yote ya Harrier ya mtu ni nyembamba kuliko unywele mmoja. Na mkwaruzo haufutwi kama watu wanavyodhani, tunachofanya ni kuishusha klia ya pembeni mpaka ifike usawa wa chini ya mkwaruzo, hapo mwanga unarudi sawasawa na jicho halioni kitu tena. Maana yake kila ukipiga polishi unapunguza na kilichotoka hakirudi hata upake waksi ya bei gani. Na humo humo kwenye klia ndo kumewekwa dawa ya kuzuia mionzi ya jua isiue rangi ya chini. Sasa sisi Arusha tuko kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya UV inaongezeka kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1000, alafu ikweta yenyewe hiyo hapo juu tu, baridi ya mwezi wa saba isikudanganye. Zile gari unaziona boneti na rufu zimebabuka, madoa meupe, klia inabanduka vipande vipande, nyingine ni jua na uzee kweli, ila nyingine zimechongwa na sufi kila sikukuu ikikaribia mpaka klia ikawa haiwezi tena kujitetea.

Mtu asinielewe vibaya akadhani napinga pedi kali. Hapana, pedi kali ina kazi yake na kuna siku huna ujanja bila hiyo. Sufi inakata haraka, na kwa sababu hewa inapita kwenye manyoya haipandishi joto la bodi haraka kama sponji ngumu inavyofanya. Gari imetoka gereji imepakwa rangi mpya, imeingia vumbi na vinundu, fundi rangi kaipiga msasa wa maji namba 2000, zile alama za msasa sponji laini haiziwezi, utasukuma mpaka jioni na bado zipo. Hapo sufi, bila maneno. Gari ya zamani isiyo na klia, imepauka mpaka ukipitisha kiganja kinatoka na unga, hapo pia pedi kali inakuokolea muda. Na kuna klia zenyewe ni ngumu, Mercedes-Benz mwishoni mwa 2003 walianza kuweka klia yenye chembe ndogo sana za seramiki ili isichubuke kirahisi, na magari mengi ya Kijerumani ukiyawekea pedi laini ni kama hujafanya kitu. Lakini nyeusi ya Toyota, ile ya kodi 202, yaani namba ya rangi ya kiwandani, angalia kwenye kibati cha kwenye injini au nguzo ya mlango utaiona, ile ni laini mno, inachubuka hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Ukiipelekea sufi ndefu na kompaundi, ile dawa ya kukatia, ya chembe kubwa utaondoa mikwaruzo kumi na kuacha mingine mia. Gari mbili zimepaki pamoja, zote nyeusi, zote zina mikwaruzo ya miduara inayofanana kabisa, na pedi ya moja ni sumu kwa nyingine. Hicho ndo wengi hatutaki kukisikia maana tumezoea pedi moja inamaliza kazi zote.

Kwenye sponji kuna mtego wake, nao ni rangi ya pedi. Vijana wanaambizana njano inakata, nyeusi ya kumalizia, kana kwamba kuna sheria ya dunia nzima. Haipo. Kampuni ya Lake Country ya Marekani sponji yao ya njano ni ya kukata, kali. Rupes ya Italia njano yao ni ya kung'arisha, iko upande wa laini kwenye mpangilio wao, kali ni ya bluu. Sasa mtu kajifunzia kwenye ya Lake Country, ananunua ya Rupes au zile zisizo na jina zinazouzwa kwa seti, anafunga njano akiamini anachojua, kazi inaharibika analaumu mashine. Usisome rangi, soma maelezo ya aliyeitengeneza, na kama hayapo ibinye kwa vidole uone inavyorudi, ipige kwenye kipande cha boneti chakavu kabla hujaigusisha gari ya mtu. Kila fundi mwenye sehemu yake anapaswa awe na boneti chakavu ukutani ya kujaribia, zipo gereji zinatupwa bure.

Kuna na pedi za maikrofaiba ambazo naona wengi bado hawajazizoea. Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mashine ya DA, ile ambayo pedi inazunguka huku inatikisika, na ukataji wake unakaribia sufi kabisa. Kwa mtu mwenye DA tu ndo njia yake ya kupata ukali bila kununua rotari, ile mashine inayozungusha pedi bila kutikisika. Ila zinajaa haraka, kompaundi na klia iliyokatwa vinagandamana kwenye nyuzi, zisipopigwa brashi au hewa ya kompresa kila baada ya kipande zinaacha kukata zinaanza kuchubua, na kwenye rangi laini zinaacha ukungu ambao lazima ufuatiwe na sponji laini. Nazipenda kwa Subaru na Toyota nyeupe zilizochoka, kwa nyeusi 202 sizigusi.

Na ukali wa pedi peke yake haukuambii kitu mpaka ujue imefungwa kwenye nini na imewekewa nini. Sufi ile ile kwenye DA ni mpole, kwenye rotari ni moto. Rotari ya polishi inaanzia kama mizunguko 600 kwa dakika, kazi nyingi unaimaliza kabla hujafika 1800. Sasa nimeona kwa macho yangu, tena sio mara moja, kijana amefunga sufi kwenye grenda ya kukatia vyuma. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika na nyingi hazina hata sehemu ya kupunguza spidi! Hapo huongelei polishi tena, ukisimama sehemu moja kidogo tu klia imechemka, na kwenye ukingo wa boneti rangi imetoka unaona praima ya kijivu, ile rangi ya msingi ya chini. Wenye magari, ukiona grenda geuza gari uondoke, hata kama umeshapanga foleni, na usione aibu.

Kingo ndo zinaungua kwanza kwa sababu rangi kwenye kingo na kwenye mikunjo ya bodi huwa nyembamba, alafu pedi ikipita pale nguvu yote inaishia kwenye kamstari kadogo. Mimi kabla ya pedi kali nabandika maskingi tepu kwenye mikunjo yote, kwenye mdomo wa boneti na kwenye mapengo ya milango, napiga katikati, alafu naondoa tepu napapitia kwa mkono au kwa pedi ndogo ya inchi 3 iliyo laini. Bampa nazo ni plastiki, chuma kinasambaza joto ila plastiki haisambazi, linakaa pale pale mpaka rangi inavimba. Ndo maana hata kama boneti imehitaji sufi, bampa ya gari hiyo hiyo napiga sponji.

Sasa utajuaje gari inataka pedi gani? Hapa ndo naomba tuelewane vizuri maana ndo kiini cha barua yangu. Gari ioshwe kwanza, ipitishwe klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu, itoe vile vichembe vilivyong'ang'ania, ikauke, iwe kivulini na bodi iwe ya baridi. Chagua sehemu moja ya boneti, zungushia tepu upate mraba wa nusu mita kwa nusu mita. Anza na pedi laini na polishi nyepesi, matone manne matano tu sio kumwaga, pitisha mashine taratibu kwa mistari inayopishana, ya kulala na ya kusimama, mara nne hivi, mkono usikandamize. Futa. Alafu futa tena kwa spiriti iliyochanganywa na maji, hii hatua mafundi wengi wanairuka kwa makusudi maana kuna kompaundi zina mafuta ya kujaza mikwaruzo, inaonekana safi leo, ikioshwa mara mbili tatu mikwaruzo yote imerudi na mteja anadhani ni kawoshi ndo wamemchubulia. Ukishafuta washa tochi, iweke pembeni sio juu kwa juu, angalia. Kama imetosha, basi imetosha, gari nzima itapigwa hivyo hivyo na klia yake inabaki. Kama haijatosha badilisha kitu kimoja tu, pedi ile ile kompaundi kali kidogo, au kompaundi ile ile sponji ngumu zaidi. Rudia. Mpaka ufike kwenye sufi umeshahakikisha kweli kwamba hakuna nyingine, na kuna siku utafika, kuna gari zitakufikisha huko, ila nyingi zinaishia njiani. Ukiibadilisha pedi na kompaundi na spidi vyote kwa mpigo hutajua kilichokusaidia ni kipi na kesho unarudi kubahatisha.

Jaribio lote hilo halimalizi nusu saa. Anayesema hana muda huo ana muda wa kuvuruga gari nzima.

Kuna mzee wa Njiro aliniletea Crown nyeusi iliyotoka kupigwa polishi sehemu nyingine, sitaitaja. Kivulini ilikuwa inang'aa kweli, ungeweza kunyolea ndevu. Tukaitoa nje juani saa sita mchana, nikamwambia mzee wangu tembea taratibu kutoka taa ya kulia mpaka ya kushoto huku unaangalia boneti. Akaona michirizi mipana inatembea naye, inafunguka na kujifunga kila akisogea, hizo ndo alama za sufi ya rotari ambayo haikufuatiwa na pedi laini, tunaziita hologramu. Mzee alikaa kimya, akauliza hii imekaa hivi tangu wiki iliyopita? Nikampimia rangi kwa kipimo, mlango wa dereva ulikuwa umebaki na maikroni 80 jumla, hiyo ni klia na rangi na praima vyote pamoja, wakati rangi ya kiwandani mara nyingi inacheza kwenye 100 mpaka 150 hivi. Nikamwambia ukweli, mlango huu sitauchonga tena, nitaupitishia sponji laini kabisa na DA upunguze michirizi, mingine tutaishi nayo. Boneti ilikuwa na afya, ikakaa sawa kwa sponji ya kati na ya kumalizia. Sufi haikutoka kabatini kabisa, kwenye gari ambayo ilikuwa imepigwa sufi tupu.

Kipimo hicho jamani tununue, hata cha kuchangia mafundi wawili watatu. Kinasoma unene wote kwa pamoja hakitenganishi klia na rangi, na vya kawaida havisomi kwenye bampa za plastiki, lakini kinakuambia ukweli mwingi. Ukikuta panaruka mpaka 300 au zaidi ujue hapo pamepakwa rangi tena, ukikuta 1000 kuna puti chini, ile ya kuzibia mabonde ya bodi. Na usidhani nene maana yake piga sufi kwa raha, rangi ya gereji inaweza kuwa nene lakini klia yake ni ya jana, bado laini. Na kama pedi inatoka na rangi ya gari, gari nyekundu pedi inakuwa nyekundu, ama hiyo rangi haina klia tangu mwanzo au klia umeshaimaliza, zima mashine kwanza ujue ni lipi.

Wenye kampuni za utalii nao nina neno nao maana gari zao ndo nyingi hapa mjini. Land Cruiser inarudi kutoka Tarangire au Manyara ubavu wote una mistari ya miiba ya migunga, na bosi anataka iondoke yote kabla wageni wengine hawajafika. Pitisha ukucha kwenye mstari, ukucha ukikwama huo umeingia ndani sana, hakuna pedi salama ya kuutoa, utakachotoa ni klia ya gari nzima. Na gari hiyo wiki ijayo iko porini tena na miiba iko pale pale! Kwa gari za namna hii ushauri wangu ni sponji ya kati, mwanga ukipiga isionekane imechoka, mistari mirefu ya kina iachwe, sufi itunzwe kwa siku gari inauzwa au inapakwa rangi upya. Dereva akinunua kitambaa kizuri cha maikrofaiba na kuacha kufuta vumbi kavu asubuhi pale getini ataokoa rangi kuliko mashine yangu, maana vumbi letu hili la udongo wa volkano lina chembe ngumu na kulifuta kavu ni kupiga msasa.

Vumbi hilo hilo linaingia kwenye pedi pia. Nikipita sehemu za watu naona sufi imelala chini kwenye sakafu, mtu anaiokota anaikung'utia gotini anaendelea. Chembe moja iliyojificha kwenye manyoya inachora mduara kila mzunguko. Pedi iliyoanguka haitumiki mpaka ioshwe, na pedi moja haitoshi gari moja, pedi iliyolowa kompaundi inapoteza ukataji, inapata joto katikati mpaka gundi ya nyuma inaachia. Najua pedi ni hela, ila sponji za kawaida zikioshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji zikaanikwa kivulini zinadumu.

Ndugu wenye magari, siku ukipeleka gari muulize fundi maswali haya kabla hajawasha mashine: utaanza na pedi gani, na kwa nini hiyo? Nionyeshe kwanza kwenye kipande kimoja. Fundi anayejua hatakasirika, atafurahi. Na usimlazimishe atoe kila mkwaruzo, wateja na sisi tunasukumana kwenye hili, mteja anataka kioo kwa hela ndogo na ndani ya masaa mawili, fundi anajua sufi peke yake ndo inayoweza kumpa hiyo kwa haraka hiyo, basi anaishika.

Kwa VETA ombi langu ni kwamba kwenye mafunzo ya rangi za magari hili suala la pedi, mashine na kompaundi lipewe saa zake za vitendo, vijana washike sufi na sponji waone tofauti kwenye chuma chakavu kabla ya kuja kuionea kwenye gari ya mtu. Na wewe Mhariri, kama gazeti lako litataka kuandika zaidi au kupiga picha, sisi mafundi kadhaa wa huku tuko tayari, mlete mwandishi wenu siku yoyote asubuhi kabla jua halijakaza, tutaweka boneti moja nyeusi na pedi nne mezani na tutapiga zote mbele yake.

Fundi polishi,
Kijenge, Arusha